Taa Tisa na Hita Moja

Kwenye nyumba tuliyopanga pale Mpanda, bili ya umeme tuliigawana kwa taa. Mita ilikuwa moja, vyumba sita, na mwenye nyumba, mzee wa Kikonongo aliyekaa chumba cha mbele, hakutaka kusikia hesabu nyingine. Kila chumba taa moja. Ya ukumbini alilipa yeye. Redio hazikuhesabiwa, maana zilisikilizwa na wote, hata wale waliojifanya hawasikilizi. Friji ilikuwa moja tu, ya jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kisukuma aliyeuza maziwa mlangoni kwake. Mume wake alikuwa porini huko Ugalla na ng'ombe, maziwa yakiletwa mjini kwa baiskeli kila asubuhi. Friji yake ilihesabiwa taa mbili. Jumla taa tisa, na mzee alizijua kwa kichwa.

Hita haikuwa kwenye hesabu kwa sababu hakuna aliyejua ipo. Nani anunue hita Mpanda, mji ambao mwezi wa kumi watu wanalala vibarazani kwa joto? Wangecheka mpaka wakae chini.

Lakini mwanangu wa kwanza alizaliwa njiti, miezi saba, katikati ya kipupwe. Nilipopewa nilimbeba kwa kiganja kimoja, na cha pili kikabaki hakina kazi. Muuguzi aliyeniruhusu kutoka hospitali hakunizungusha. Alisema, "Huyu, mama, adui yake ni baridi. Na nisisikie umemwekea jiko la mkaa ndani, moshi wake utamwua kabla ya baridi." Nilishtuka, kwa kuwa mimi na ndugu zangu wote tumelelewa na jiko la mkaa miguuni mwa kitanda, na ndilo nililokuwa nimepanga.

Mume wangu alikuwa mwalimu huko Mwese, anashuka mjini mwisho wa mwezi barabara ikikubali. Safari hiyo alikuta mhandisi mmoja wa kigeni anauza vyombo vyake arudi kwao, akanunua hita kwa hela aliyokuwa ameitenga kwa viatu. Akaileta imeviringishwa blanketi kama kitu cha wizi. Akaniambia inakula umeme, niwe na kiasi. Nikamwuliza inakula kiasi gani. Hakujua, na kwa kuwa ni mwalimu akajifanya anafikiri.

Basi nikapiga hesabu mwenyewe, kwa namna tuliyoizoea pale nyumbani. Hita ilikuwa na nyaya mbili zinazogeuka nyekundu, hazitoi hata mwanga wa kusomea barua. Nikajiambia hii haifiki taa moja. Nikiwaonea huruma wenzangu, niseme nusu taa. Na nusu hailipwi.

Umeme wa jenereta la mji ulikuja saa moja jioni na kukatika saa sita. Kwa saa hizo nilifunga dirisha, nikachomeka hita, nikakaa na mwanangu tumeelekeana nayo. Alikuwa analia kilio chembamba, cha kuomba radhi, mpaka joto limfikie. Kisha vidole vinakunjuka, uso unapata rangi, anapumua vizuri. Umeme ukikatika namfunga kifuani kwa kanga mpaka jua litoke. Sijawahi kumpenda mtu wala kitu kama nilivyoipenda hita ile. Niliifuta vumbi mara nyingi kuliko nilivyofuta meza.

Bili ya mwezi ule ilipokuja, mzee alituita wote ukumbini jioni, umeme ukishawaka. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Ilikuwa imezidi mara tatu. Kila mtu akageuka kutazama mlango wa mama wa maziwa, kwa kuwa friji ilikuwa inanguruma humo ndani, na kitu kinachonguruma ndicho kinachokula. Fundi cherehani wa chumba cha pili akasema waziwazi kwamba friji kuukuu ni kama mlevi, haijui kutosheka. Mzee akamwambia yule mama alipe ziada yote, la sivyo ahame.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na mtoto kifuani. Nilijua sasa kwamba hita si nusu taa. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo itatolewa jioni ileile, na muuguzi alishaniambia baridi itafanya nini. Nikanyamaza. Yule mama alinitazama mara moja tu, akasema, "Nitalipa," akaingia kwake. Niliona aibu, na bado jioni ile nikachomeka hita.

Siku ya nne likaja guta, vijana wawili wakaibeba friji yake. Alikuwa ameiuza ili alipe. Nilichungulia mlangoni nikamwona anafagia mahali ilipokuwa imekaa, polepole, kama mtu anayemfagilia mgeni. Nikashindwa. Nikamlaza mtoto kitandani kwake bila hata kumsalimia, nikapiga magoti, nikamwambia yote: hita, blanketi, hesabu yangu ya kijinga. Nikamwambia nitakwenda kwa mzee sasa hivi, na hela yake tutairudisha hata kama ni kidogo kidogo.

Hakushtuka. Alimchukua mwanangu, akamweka vizuri kwenye mkono, akampuliza usoni.

"Kwa mzee usiende mpaka kipupwe kiishe," alisema. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Kila jioni mtoto analia, mara taa yangu inafifia, na yeye ananyamaza. Nikawa siwezi kulala mpaka ififie."

Nililia, tena si kidogo. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema pale ukumbini, watu wanamtukana. Akaniuliza, "Mimi, mwanangu, ningesema nini, kwamba maziwa yangu yakae baridi na mtoto naye akae baridi?" Akaniambia nisimame, magoti ni ya kanisani.

Saa moja umeme ukaja. Nilirudi chumbani na mtoto, nikafunga dirisha, nikashika waya wa hita mkononi na kuogopa kuuchomeka, kwa jinsi nilivyojua sasa ni nani anayelipia umeme huo. Mtoto akaanza kulia. Nilisubiri kidogo, akalia zaidi, na yule mama akagonga ukuta mara mbili.

"Washa," akasema kutoka upande wa pili. "Nataka kulala."