Foleni Haina Juu

Pale kliniki ya meno walimwita Bi Kinyaa, naye hakulikataa jina, maana lilikuwa la haki. Mtu anayelipwa kumwaga mabeseni ya mate na damu asipoona kinyaa, ataona nini? Alikirihi pamba zilizolowa, alikirihi vidole vilivyotoka mdomoni vikashika kitasa. Lakini hakuna kilichomtia kichefuchefu kama watu wanaoruka foleni. Mtu anafika jua limeshapanda, anamkonyeza meneja, anaingia, na aliyewahi alfajiri anabaki ameshika shavu.

Ndiyo maana alianza masomo ya jioni ya kompyuta. Meneja alimwahidi kwamba akiwatengenezea programu ya kuita wagonjwa, atatoka kwenye ndoo akae mezani. Meza ile aliililia.

Mwalimu wao, bwana mmoja aliyefuta ubao kwa mkono wa shati kisha akajifutia jasho kwa mkono uleule, aliwafundisha kuandika programu kwa kuunda vitu. Kila kitu kina mambo yake ya ndani yasiyoguswa na mtu wa nje, na milango michache ya kukifikia. Rundo, alisema, ni kama sahani chafu kwenye sinki: iliyowekwa mwisho, iliyo juu, ndiyo inayotolewa kwanza. Foleni ni kinyume chake, aliyetangulia ndiye anayetoka kwanza. Bi Kinyaa alilielewa rundo upesi, kwa kuwa mumewe na wanawe walimwachia moja kila siku.

Basi akaliandika rundo, likafanya kazi. Ilipofika zamu ya foleni akaona uvivu kuanza upya. Akaifanya foleni iwe mtoto wa rundo, irithi milango yote ya mzazi, kisha akaiongezea mlango wa kumwita aliyetangulia. Mwalimu alisifu kwamba urithi unapunguza kazi. Hakusema kwamba mtoto hurithi na tabia mbaya.

Kliniki ikaanza kuitumia, Bi Kinyaa akakaa mezani, mikono inanukia sabuni. Ila ule mlango wa rundo, wa kumtoa aliye juu, yaani aliyeingia mwisho, ulibaki wazi, na kitufe chake kwenye skrini. Meneja hakukawia kukigundua. Shemeji yake alijiandikisha wa mwisho, kitufe kikabonyezwa, akaitwa kabla ya wote. Akafuata jirani yake, akafuata fundi wa gari lake. Bi Kinyaa aliuzoea uchafu wa meneja, lakini huu aliupika mwenyewe.

Jioni ile akaandika foleni nyingine isiyo na mzazi. Orodha ya wagonjwa aliificha ndani, akaacha milango miwili tu: kuingia nyuma na kutoka mbele.

Asubuhi meneja akauliza kitufe kiko wapi.

"Kilikuwa cha rundo," akajibu. "Foleni haina juu."

Meneja akatabasamu kwa meno yake meupe, akamwambia ifikapo saa sita ama kitufe kirudi, ama yeye arudi kwenye ndoo.

Hazikupita dakika nyingi akaingia mama mzazi wa Bi Kinyaa, jino limemvunjikia mdomoni, shavu limevimba. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Meneja akainama sikioni mwa Bi Kinyaa, sauti laini kama mafuta.

"Urudishe ule mlango, mama aingie."

Mama akasikia. Akamtazama binti yake. "Hata mimi, mwanangu?"

Bi Kinyaa akaliandika jina la mama yake nyuma ya wote. "Hata wewe, mama. Kaa, zamu yako itafika."

Saa sita ilipofika aliondoka mezani bila kuambiwa, akachukua ndoo. Skrini ilikuwa inamwita mzee aliyefika kabla ya mama. Mama bado alikuwa benchini, mdomo umejaa mate ya damu, hana pa kutemea. Bi Kinyaa akamshikia beseni kwa mikono miwili, na hakugeuza uso.