Aliyekuja Kumchukua Kobe wa Shangazi

Nimefunzwa kutilia shaka kila jambo nisiloweza kulipima, na hili nimelitilia shaka kwa muda mrefu bila kufanikiwa kuliondoa. Basi nakueleza kama lilivyotukia, hapa Kilosa, jua likiwa utosini, nikiwa sina homa wala usingizi. Ukitaka kucheka, cheka, lakini unisikilize hadi mwisho.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilikuwa nikikusanya sampuli za udongo kando ya Mto Mkondoa, nikiishi kwa shangazi yangu, mwalimu mstaafu mzaliwa wa Mamboya. Alipolazimika kwenda Mikumi kufanyiwa upasuaji wa nyonga, aliniachia dhamana moja tu: kobe wake wa majini, anayemfuga kwa kibali. Humwita Mwenyekiti, kwa sababu hukaa juu ya jiwe lake akisikiliza kila mtu bila kuahidi chochote.

"Nyumba itajilinda," aliniambia akiwa tayari ameketi ndani ya gari. "Mwenyekiti hawezi. Usimpe mtu, hata akija analia."

Je, wewe nawe unadhani kufuga kobe ni kumtupia majani na kwenda zako? Maji ya bomba sharti yalale kwanza kwenye ndoo ndipo yaingie katika beseni lake, na yabadilishwe kabla hayajanuka. Hula dagaa na mchicha, ugali hapana. Kila adhuhuri akae juani, maana bila jua gamba hulainika. Na kivuli cha kukimbilia kiwe karibu. Anayemshika anawe kwa sabuni kabla na baada, kwa kuwa kobe hubeba vijidudu vya kuharisha. Niliyatimiza yote, tena kwa wasiwasi uliopita kiasi. Jirani yetu Baba Zuhura, dereva wa bodaboda, hakuacha kunitania juu ya ukuta: "Dada msomi, huyo kobe atahitimu kabla yako!"

Siku hiyo nilikuwa nimemweka Mwenyekiti juani uani, nami nimechuchumaa nikisugua beseni. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mwanangu, nimerudi."

Niligeuka. Alikuwa Shangazi: gauni lake la buluu, kitambaa chake cha kichwa, hata namna yake ya kuinamisha shingo. Sikusikia lango likifunguliwa, lakini moyo ulinijaa furaha kiasi kwamba sikulijali hilo.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Nipe kobe," akasema.

Nilidhani hakunisikia. Nikanyanyuka, nikapiga goti kidogo, nikarudia: "Shikamoo, Shangazi."

"Nimechoka na safari. Nipe kobe wangu."

Wewe uliyelelewa huku unajua uzito wa jambo hilo. Mwanamke huyu aliwahi kumrudisha mwanafunzi wake wa zamani, mtu mzima mwenye familia, kutoka barabarani hadi mlangoni, ili aamkie upya ipasavyo. Angewezaje kuiacha shikamoo yangu ining'inie hewani? Nikaanza kutafuta sababu, kama ilivyo desturi yangu. Labda ni maumivu. Labda ni dawa za usingizi. Labda amekasirika. Kila sababu ilikuwa na mantiki, na hakuna hata moja iliyonituliza, kwa maana mtu aliyepasuliwa nyonga alikuwa amesimama mbele yangu wima, bila fimbo.

Nikamtazama Mwenyekiti. Kobe ambaye hunyoosha shingo yote akisikia sauti ya Shangazi alikuwa amejikunja ndani ya gamba, hata ukucha hauonekani.

Yule akanyoosha mkono. Nikamnyanyua kobe, nikamkumbatia kifuani. Kwa mkono wa pili nikatoa simu, nikapiga namba ya Shangazi, nikaweka sauti ya juu. Niamini, nilikosea namba mara ya kwanza.

"Haloo?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama! Vipi, Mwenyekiti amekaa juani?"

Sauti ilitoka Mikumi, kitandani hospitalini, huku uso uleule ukinikodolea macho hatua chache mbele yangu. Nikahisi kitu kikisukuma kifua changu: Mwenyekiti alikuwa ametoa kichwa, anakinyoosha kuelekea kwenye simu.

Hofu ikaniishia hapo hapo. Unaweza kulieleza hilo? Mimi siwezi.

"Amekaa juani, Shangazi," nilisema, nikimtazama yule usoni. "Na hatoki hapa." Kisha, kwa mara ya tatu, nikamwambia yule kwa sauti kamili: "Shikamoo."

Kinywa kikafunguka. Hakikutoa neno. Uso ukalegea kama ukingo wa mto uliozidiwa na maji, akageuka, akaenda zake. Alipita langoni, na komeo lilikuwa bado limefungwa.

Punde Baba Zuhura akagonga. "Kumbe mwalimu amerudi? Nimemwamkia hapo nje kanipita kama anapita mlingoti! Nimemkosea nini mimi?"

"Hajarudi!" nilipiga kelele, nikicheka na kulia kwa pamoja. "Hajarudi, na hakumpata!"

Shangazi alirudi baadaye kwa fimbo, mzima. Nilipomsimulia, alinishika mkono. "Niliacha mwanafunzi," alisema, "nimekuta mlezi." Shahada yoyote nitakayopewa haitanipa fahari ya siku hiyo.

Hadi leo siwezi kumpa mtu mgongo akiwa langoni, na wenzangu chuoni hulalamika kwamba salamu zangu zina upelelezi. Na walalamike. Nawe unayetamani kobe kwa sababu ni mpole na hana kelele, jiulize kwanza: yupo atakayekuja kumtaka, kwa sura unayoipenda na sauti unayoiheshimu. Kama huwezi kumnyima huyo, mwache kobe mtoni.