Kapu Ambalo Halikupimwa

Habari ilitoka kwa Jerusa, mke wa Makori, na kama kawaida yake haikukawia njiani. Kabla jua halijakausha umande, laini nzima ya nyumba za wachuma chai ilikuwa imesikia kwamba mke wa Ojwang anamfunga mtoto wake kama mbuzi.

"Kwa kiuno!" Jerusa alisema pale mferejini, debe lake likifurika bila yeye kulitazama. "Nimeona na macho yangu. Leso imefungwa kiuno cha mtoto, na ile ncha ingine mama ameishika mkononi. Mtoto akienda, anavutwa. Mimi nimefuga mbuzi, kamba nikiiona naijua."

"Labda ni ugonjwa, mama Nyaberi," mwanamke mmoja akamwambia Jerusa.

"Ugonjwa gani? Wiki ya tatu amelala tu, na mashavu yamejaa. Si ni yeye alimtupa mtoto kwa nyasi siku ile ya mvua? Nilikuwa nyuma yake. Huyo mtoto hamtaki, wacheni niwaambie. Hata yule Obonyo wa kiwandani alipoenda likizo kwao ziwani nilimtuma kwa mama mkwe wake. Nikasema, mwambie mjukuu wake anatupwa huku."

Kutoka mferejini mpaka mlango wa Loice, huyo mke wa Ojwang, ni hatua chache, na ukuta wa udongo hauzuii sauti kama ya Jerusa. Loice aliyasikia yote akiwa amelala chali. Akangoja hasira imjie, kama mtu anavyongoja chafya. Haikuja. Akageuza macho akamtazama Amolo, aliyekuwa anatambaa kuelekea ukingoni mwa kitanda. Akaivuta leso polepole, mtoto akarudi.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kwao ni Seme, na alisoma madarasa manne kwa wamishonari kabla Ojwang hajaja kumposa. Mwaka wa 1932 walifika shamba hili la upande wa Litein, wakati miti ya msituni bado inaangushwa na chai nyingi ikiwa fupi, ya kufika magotini. Ojwang akapata kazi kiwandani, kupigilia misumari masanduku ya chai. Loice akapewa kapu. Mikono yake ilikuwa na haraka, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na wala hakuwa mtu wa maneno. Amolo alipozaliwa alikaa nyumbani miezi mitatu, kisha akarudi shambani na mtoto mgongoni, kapu likiwa limelala ardhini ubavuni mwake. Akiinuka kwenda mzanini kupimiwa majani alimhamisha mtoto kifuani, ndipo kapu lipate mgongo. Kila mama mwenye mtoto wa kunyonya alifanya hivyo.

Siku ile mvua ilianza mapema. Karani wa mzani alikuwa na tabia ya kufunga daftari wingu likikaribia, na aliyechelewa majani yake yalihesabika takataka. Loice alikuwa amelishindilia kapu kwa goti ili asirudi mara mbili. Akajitwisha, akamkaza Amolo kifuani, akashika kile kinjia cha udongo mwekundu kinachoteremka kati ya chai iliyokatwa juzi. Mguu ukateleza. Alijua anaanguka kifudifudi, na chini yake atakuwa mtoto. Basi akajirusha nyuma.

Alijirusha bila hofu, hilo ndilo alilokuja kulifikiria sana baadaye. Maana majani ni laini. Kila siku aliyashika, yalikuwa laini kama sikio la ndama. Akadhani yatampokea.

Lakini majani mabichi yakishindiliwa ni tofali. Mdomo wa kapu ulimpiga chini ya kiuno, na chini ya kapu palikuwa na kisiki cha chai. Pumzi ikakatika. Amolo alikuwa mzima kifuani mwake, akilia, na uzito wake ulikuwa kama jiwe la kusagia. Loice akapapasa fundo, akalifungua, akamsukuma mtoto nyasini ili apate hewa. Ndipo Jerusa akatokea kwenye kona.

Dresa wa shamba, mtu wa dawa na bandeji, alikuja na pini. Akamchoma gotini, akamchoma pajani.

"Wasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapo nasikia kama ni mtu mwingine anachomwa."

Dresa akaandika kitu, akaacha chupa ya dawa ya kuchua, akasema alazwe juu ya mbao, asibebe kitu. Hakusema mpaka lini, naye Loice hakuuliza. Ojwang akaleta mbao za masanduku yaliyopasuka. Moja haikutosha kitandani, akaiegemeza dirishani kuziba upepo. Ilikuwa na herufi zilizopigwa kwa wino mweusi, zimesimama kichwa chini. Siku ya kwanza Loice alizisoma. Siku ya pili akazisoma kutoka nyuma. Baada ya hapo alizitazama tu.

Siku zilifanana. Alfajiri Ojwang alimlaza Amolo karibu na titi, akafunga leso kiunoni mwa mtoto, akaenda. Kengele ya adhuhuri ikilia alirudi mbio na uji, akambadilisha mtoto, akaenda tena. Mguu wa kushoto ulikaa pale kama kitu alichoachiwa na mgeni. Wakati mwingine aliugusa kwa kidole ajue bado upo. Amolo alilia mara nyingi kilio cha mtoto anayetaka kubebwa, akimkwea mama yake na kuteleza. Loice alimwimbia, sauti ikatoka kavu, akanyamaza.

Ijumaa Ojwang alirudi kutoka kazini na barua kutoka kwao. Aliikunja na kuikunjua mara mbili.

"Mama anafika Jumapili," akasema. "Atashuka gari moshi stesheni ya Lumbwa, lori la shamba limlete mpaka barabarani."

"Anakuja kuniona?"

"Anakuja kumchukua mtoto, mama Amolo."

Loice akatazama herufi dirishani.

"Amesema mtoto asiye na mgongo wa kumbeba hawezi kukaa. Amesikia maneno. Nimemwandikia mara ngapi? Anasema mume huficha aibu ya mkewe." Ojwang akaketi juu ya kigogo. "Sema kitu, basi."

"Bado ananyonya."

"Najua."

"Miezi saba tu."

"Najua, mama Amolo."

Loice akafunga macho. Usingizi ulipomjia, ulimjia kama siku zote.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, Sabato ya akina Jerusa, siku ambayo yeye na mumewe hawakuchuma. Baada ya kutoka sala alisimama mlangoni na kigae mkononi.

"Hodi. Nimekuja kuomba moto, mama Amolo."

"Karibu. Lakini naona kwako moshi unatoka."

Jerusa akageuka akautazama moshi wake mwenyewe, akacheka kidogo. "Ah, huo ni wa kuni mbichi. Hauna kazi."

Aliingia, macho yakienda kila mahali: leso, mtoto, mbao, chupa ya dawa. Kisha yakasimama pembeni, kwenye kapu.

"Hili bado liko na majani?"

"Karani alilikataa. Baba Amolo akalileta tu."

"Wiki tatu! Si lingemwagwa?" Akaliinamisha alimwage mlangoni. Halikumwagika. Akaligonga chini, ikatoka sauti kama ya mtungi. Akatia mkono ndani, akasukuma kwa ngumi; majani yalikuwa yamekuwa meusi na kushikana, na upande mmoja yalikuwa na shimo, pana, la mviringo. Hapo hapo mdomo wa kapu ulikuwa umevunjika kuelekea ndani.

Jerusa alikuwa mchuma chai wa miaka mitano. Akapitisha kiganja ndani ya lile shimo, kisha akamtazama Loice kiunoni.

"Ulianguka juu yake," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa mgongo. Na mtoto alikuwa mbele."

"Ndiyo."

"Ulijirusha mwenyewe?"

"Nilidhani majani ni laini."

"Laini!" Jerusa akaketi chini, kigae magotini. "Wewe mtoto. Wewe mtoto wa watu. Umeshindilia hivi, halafu unadhani laini? Hata ng'ombe angevunjika." Akalitazama tena lile shimo. "Na pale nyasini?"

"Nilikosa pumzi. Nikamsogeza."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza."

Amolo alikuwa amefika mwisho wa leso, anaivuta, analia. Jerusa akainuka, akalifungua fundo la kiunoni, akamrusha mtoto mgongoni kwa mkono mmoja kama aliyezoea, akajifunga leso ile ile kifuani na kuikaza. Akaanza kutembea, kutoka mlangoni hadi dirishani, akiruka ruka kidogo. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha.

Loice akatazama. Miezi yote aliyombeba hakuwahi kumwona akiwa mgongoni. Alikuwa uzito tu, joto, mate shingoni. Kumbe vidole vya miguu hujitokeza pembeni. Kumbe shavu hulala upande mmoja likabonyea, na mdomo ukabaki wazi. Alingoja kitu kimguse ndani. Kikamgusa kwa mbali, kama ile pini pajani, kama ni mtu mwingine.

"Amelala?" Jerusa akanong'ona.

"Amelala."

"Mzito huyu. Mnampa nini?" Akaendelea kutembea. Bila kugeuka akasema, "Mama Amolo, yale mdomo wangu uliyosema…"

"Mama mkwe anafika kesho," Loice akasema. "Anakuja kumchukua. Mimi siwezi kufika barabarani, na maneno ya baba Amolo hayaamini. Wewe maneno yako aliyaamini. Kesho nenda pale lori linaposhusha watu, mtoto akiwa mgongoni hivyo hivyo, na hilo kapu kichwani. Usimwambie ninaomba radhi. Mpe kapu kwanza, atie mkono ndani ya hilo shimo. Halafu mwambie mtoto ana mgongo wa kumbeba."