Balaa la Ng'ombe

Kazi yangu mjini Nyeri ni kuandika programu za kusaidia watu kuamua mambo. Kwa hivyo baba alipofariki, na sisi watoto watatu tukaanza kuvutana kuhusu mama, nilibeba laptopu hadi kwake Naro Moru, kifua mbele.

Swali lilikuwa moja: mama abaki pale peke yake, ahamie kwa kaka kule Kenol, kwa dada kule Kiganjo, au kwangu? Nikachora jedwali. Mistari ya kulala ni uamuzi, ya kusimama ni balaa: akiugua, mvua ikikosa, akikosana na mke wa kaka. Katika kila kisanduku tukaandika hasara, sifuri hadi kumi.

Kuziunganisha hasara hizo ndiko kulikoleta kelele. Dada alitaka wastani.

"Wastani unaficha balaa," nikamwambia. "Tunatazama hasara kubwa kabisa ya kila uamuzi, halafu tunachagua ule ambao hasara yake kubwa ni afadhali."

"Wewe nawe, acha kutusomesha," kaka akasema. "Andika ng'ombe."

Ng'ombe! Hapo hatukubishana. Mama aachane na ng'ombe wake? Mama huyu aliyekataa kulazwa hospitali kwa sababu ya kukamua? Tukaongeza balaa la ng'ombe, na kila uamuzi wa kuhama tukaupa kumi. Kompyuta ikajibu: abaki. Nikajaribu wastani wa dada: abaki. Tulifurahi vibaya sana. Kaka akapiga meza, dada akaanza pambio. Hakuna aliyemtaka mama kwake, na sasa ni hesabu iliyosema, si sisi.

Mama akaleta chai. Kaka akaonja, akakunja uso. "Mama, hii maziwa ni ya pakiti?"

"Eeh. Ng'ombe niliuza Ijumaa."

"Ati uliuza?"

"Sasa ningeachia nani?" Akasukuma mlango wa chumba chake. Mifuko ilikuwa imefungwa, kitanda hakina hata blanketi. "Hii nyumba iko na baridi, na hakuna mtu wa kuongea na yeye. Haya, naenda na nani?"

Kaka akapuliza chai iliyokwisha kupoa. Dada akatafuta simu kwenye mkoba.

"Ngoja kidogo, mama," nikasema, "hesabu haijaisha." Na vidole vyangu vikaanza kutafuta balaa lingine.