Viwavi Wenye Nyusi

Mwalimu Pi-yun hakai kitini, anajitupa. Kiti kinalia, naye anavua viatu chini ya meza na kusema, "Mwenzangu, miguu hii si yangu tena." Nimekuwa nikimsikia akisema hivyo tangu shule yetu hapa mjini Tainan ilipotubana katika chumba kimoja, yeye na sayansi yake, mimi na rangi zangu za kuchorea. Mwaka huu ndio wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Kila nikimtazama naona mtu ambaye roho yake imeshafika nyumbani, mwili tu ndio umesahaulika darasani.

Masika watoto wa darasa la nne hufuga viwavi wa hariri. Ndivyo ilivyo; mimi nilifuga, mama yangu alifuga. Kila mtoto na boksi lake la kadibodi, linakuja shuleni asubuhi, linarudi nyumbani jioni, maana kiwavi hula kutwa kucha na Jumapili haijui. Majani ya mforosadi yakiwaishia, wazazi wanampigia simu Pi-yun kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa hao viwavi. Basi utamwona na kofia yake ya jua juu ya pikipiki, anazunguka nyuma ya mahekalu na kando ya reli, akitafuta mti ambao watu hawajaumaliza.

Viwavi wakinenepa, hatuwaachi wajifungie kwenye vifuko. Tunawaweka juu ya fremu bapa ya upepeo wa mkono, na kwa kuwa hapo hakuna pembe ya kujishikiza, wanatembea huku na huko wakitandaza hariri mpaka fremu nzima inageuka kitambaa. Kisha mimi nawafundisha watoto kuchora juu yake. Ni kazi nzuri sana ukiiona imekwisha. Kabla haijaisha ni balaa tupu: viwavi wanaanguka, wanakojoa, wanapanda ukutani, na wa kuwaokota ni yule yule mmoja.

Tena wanakufa. Hasa wanakufa kwa moshi wa dawa ya mbu, ile ya kuchoma, na katika mji huu nani atalala bila kuichoma? Pi-yun hakutaka mtoto yeyote atoke mikono mitupu. Kwa hiyo kila asubuhi, watoto wakishaweka maboksi rafuni na kushika mafagio kwenda kufagia uwanja, yeye alifungua boksi moja moja. Akikuta mfu anamtoa, anaweka mzima kutoka kwenye trei zake za akiba. Watoto wakirudi, kila mtu ana viwavi wake na kila mtu anacheka.

Siku moja nilimwambia, "Unawadanganya watoto wa watu."

"Nawapumzisha."

"Unajipumzisha wewe."

"Chiung-hui, mtoto mmoja akilia, darasa zima linauliza kwa nini. Maswali ya darasa zima, saa mbili asubuhi. Nguvu hizo ninazo mimi?"

Hakuwa nazo, na mimi nilikuwa na watoto wangu wa kugombana nao.

Katika darasa hilo alikuwamo Tzu-yi, msichana anayelelewa na bibi yake, muuza uji wa samaki sokoni. Tangu siku ya kwanza alisema upepeo wake ni wa bibi, kwa sababu mvuke wa sufuria unamchoma uso. Hakutaka kingine. Wenzake waliokota viwavi waliokuwa karibu. Yeye alichagua kwa utulivu, wote wenye alama mbili nyeusi juu ya macho. Alisema wana nyusi za bibi akikasirika.

Asubuhi moja alikuja amelikumbatia boksi lake kwa mikono miwili, akaja kusimama mbele ya meza ya Pi-yun. Pi-yun alikuwa amelaza kichwa juu ya mikono, amefumba macho. Mtoto alisimama pale, akamtazama, kisha akaliweka boksi rafuni na kuchukua fagio. Pi-yun alipolifungua, viwavi wote walikuwa chali, wametapika maji ya kijani, na kadibodi linanuka moshi. "Bibi huyu na dawa yake," alisema, hata hasira hana. Akatoa wafu, akajaza wengine. Waliokuwa wamebaki kwenye trei ni weupe watupu, hawana alama yoyote, na hilo hakulitazama mara mbili.

Tzu-yi akarudi, akafunua kifuniko, akaangalia kwa muda mrefu, akakifunika. Mimi nikajua amefurahi. Mwalimu mzima wa kuchora, na macho nimeyaweka wapi sijui.

Siku ya maonyesho bibi alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, aproni haijavuliwa. Akapokea upepeo uliochorwa samaki, akajipepea, akampepea jirani yake, kisha akampepea na mkuu wa shule bila kuulizwa.

"Hariri ya mjukuu wangu hii," alisema. "Kawafuga mwenyewe. Nyie mnanunua za kiwandani."

Tzu-yi alikuwa anaangalia sakafu. Bibi akaondoka kuwahi kuosha masufuria, watu wakatawanyika, tukabaki wawili tunakunja meza. Mtoto naye akabaki.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza, mama."

"Wangu walikufa kwa nini?"

Pi-yun akaiachia meza. "Kumbe ulijua?"

"Wale wengine hawana nyusi."

"Sasa mbona hukuniuliza siku ile ile?"

"Nilikuja," alisema Tzu-yi. "Nikaona umechoka. Nikasema nisikusumbue."

Pi-yun akavuta kiti, na siku hiyo hakujitupa. Alikaa polepole kama mgonjwa. Hakumficha tena. Akamwambia kiwavi hupumua kwa vitundu vya ubavuni, na moshi wa dawa ya mbu ukimwingia hapo haponi. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi anaichoma kwa sababu yangu," alisema. "Mbu wananing'ata miguu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi simwambii."

"Kwa nini?"

"Na yeye amechoka."

Mtoto wa miaka kumi, kabla hajafungua mdomo anatusoma nyuso kwanza aone kama swali lake litatuelemea. Na sisi ndio tunaolipwa kuulizwa.

"Ya bibi utaamua wewe," Pi-yun alisema. "Lakini mimi, Tzu-yi, hata ukinikuta nimelala, niamshe."

Jumatatu iliyofuata bado walikuwapo viwavi wa watoto waliochelewa. Maboksi yakapangwa rafuni, watoto wakaenda kufagia, na Pi-yun hakugusa hata kifuniko kimoja. Waliporudi, mvulana wa dawati la nyuma akakuta wake wamekufa, akaangua kilio, na darasa zima likauliza kwa nini. Pi-yun akavua viatu chini ya meza, akaanza kujibu. Alijibu mpaka sauti ikamkauka, na aliyeuliza mengi kuliko wote ni Tzu-yi.