Toleka Iliyoshusha Stendi

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita hapa Kisangani, na nina ugonjwa mmoja ambao mume wangu anaujua kuliko daktari yeyote: siwezi kunyamaza. Kwa hiyo kamati ya kupamba mji ilipokuja shuleni kututangazia kwamba darasa langu limechaguliwa kubuni sanamu ya kuwekwa kwenye mzunguko wa barabara, rond-point kama tunavyouita, karibu na soko, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilitaka kujua kama kweli watajenga kile watakachochora watoto.

Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye suti ya rangi ya chai ya maziwa, alinicheka kwa upole.

"Madame, kile batoto batachora, ni kile tutajenga," alisema. "Point final."

Nikamwamini. Nilikuwa na sababu ya kutomwamini, maana katikati ya mzunguko ule palikuwa na kisiki cha zege kilichoachwa na kamati nyingine iliyokuwa na mpango mwingine, na mbuzi wa jirani walikuwa wamekizoea. Lakini watoto walikuwa wameshaanza kupiga makofi, na makofi ya watoto yanalainisha akili.

Niliwapa karatasi. Nusu ya darasa walichora maporomoko ya Wagenia na mitego yake ya samaki, kwa sababu kila mgeni anayefika mjini hupelekwa kule kupigwa picha, na watoto wetu wameshaelewa kwamba sanamu ni kitu cha wageni. Mmoja alichora ndege ya uwanja wa Bangboka, kubwa kuliko msitu unaoizunguka. Mwingine alichora balbu ya umeme yenye urefu wa nyumba. Nilimwuliza kwa nini balbu.

"Ni juu tukuwe na mwangaza hata siku courant haiko," alinijibu, maana umeme kwetu hukatika kila mara.

Halafu kulikuwa na binti mmoja anayekaa karibu na dirisha, mtoto asiyesema mpaka aulizwe mara mbili. Baba yake anaendesha toleka, yaani baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyoubeba mji huu mzima. Siku hizi pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini wapo waliobaki na baiskeli zao, na baba huyu ni mmoja wao. Binti alichora toleka imesimama kwa stendi yake. Mbele hapakuwa na mtu. Mwendeshaji mwenyewe alikuwa amekaa nyuma, kwenye kiti cha abiria, miguu ameitupa juu ya tandiko, macho amefumba.

Kila mtu wa Kisangani ameona jambo hilo. Abiria akikosekana, wanaume wa toleka hushusha stendi, hupanda kiti cha nyuma na kuiba usingizi kidogo kivulini. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ni kitu cha kuchorwa. Nikamwomba atueleze.

"Papa iko nabeba batu tangu asubui," alisema akitazama dawati lake. "Anabeba bamama na makala yabo ya kupikia, anabeba bagonjwa, anabeba hata mbuzi. Yeye, hakuna mutu anamubeba. Bon, nimemuweka nyuma."

Mimi niligeuka nikajifanya natafuta chaki. Tulipopiga kura kwa kunyoosha mikono, hata yule wa balbu aliinua wake kwa ajili ya toleka. Jioni ile binti alikimbia nyumbani kumwambia baba yake kwamba atawekwa katikati ya mji, amekaa nyuma, amepumzika, na magari yatamzunguka.

Kazi alipewa fundi mwashi wa mtaani kwetu, ambaye sifa zake zote zimetoka makaburini. Ukiona malaika wa saruji mwenye mashavu ya kuvimba juu ya kaburi la mtu mwenye uwezo, jua ni mkono wake. Alianza na baiskeli, akifuata mchoro wa mtoto. Spoki hakuziweza, kwa hiyo alitengeneza magurudumu mazima na kuchora spoki kwa msumari kabla saruji haijakauka. Ila stendi aliijenga kwelikweli, nene, yenye nondo ndani, imechimbiwa chini. Niliwapeleka watoto kuiona. Binti aliishika ile stendi kwa mikono miwili akaitikisa, na ilipokataa kutikisika aliniangalia kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

Mwenyekiti naye alikuwa akija. Alikuja kila alasiri baada ya kupumzika, akasimama mbele ya fundi na suti yake, mikono nyuma, akitazama. Siku moja alikuja na karatasi ya mchoro na akili mpya, akaita kikao palepale penye mzunguko.

"Huyu mutu analala?" aliuliza.

"Anapumzika," nilisema.

"Mu rond-point? Mbele ya bageni? Batasema batu ya Kisangani ni bavivu." Akaikunja karatasi taratibu. "Tutarekebisha kidogo tu. Donc, chauffeur anaenda mbele, anatumika, jasho inatoka. Ile ndiyo développement. Na nyuma tunaweka client wa kubebwa, sababu toleka bila client haiko toleka. Client mwenyewe akuwe mutu wa heshima."

Nilisema yote niliyokuwa nayo. Nilisema ahadi ni ahadi, nilisema mtoto ameshamwambia baba yake, nilisema huwezi kumchukua mtu aliyepumzishwa na binti yake ukamrudisha kazini. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Merci, Madame, kwa contribution," ambayo katika vikao vyetu maana yake ni kaa chini. Kisha akanieleza kwamba wazo la mtoto limeheshimiwa kabisa: baiskeli ipo, mtu yupo, kiti kipo, kilichobadilika ni mahali pa kukaa tu.

Fundi alikuna kichwa. Hakujali nani atakaa wapi, lakini alikuwa na shida ya stendi.

"Mukubwa, stendi ndiyo inashika yote," alisema. "Nikikata, baiskeli inaanguka na mutu yako wa heshima."

"Acha stendi," mwenyekiti alisema. "Hakuna mutu ataona."

Alisema hivyo katika mji ambao mtoto hujua kushusha stendi kabla hajajua kuandika jina lake. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaufunga. Nilitaka kuona.

Mwendeshaji aliwekwa mbele, mgongo umepinda, miguu juu ya pedali, na matone ya jasho yaliyotengenezwa moja moja kama maharage. Kwa mtu wa heshima fundi alipata tabu zaidi. Amezoea kutengeneza sura za marehemu kwa kutazama picha, na safari hii hakupewa picha. Mtu pekee wa heshima aliyemwona kwa karibu ni yule aliyekuwa akimsimamia kila alasiri. Alimfinyanga mtu huyo akiwa amelazwa juu ya mchanga, kama anavyowafinyanga malaika wake wote, mikono imekunjwa kifuani, kisha yeye na vibarua wakamwinua kwa kamba wakambandika kwenye kiti kwa saruji kidogo.

Siku ya kuzindua, matawi ya michikichi yalipangwa kuzunguka mahali pote, fanfare ya parokia ilipiga tarumbeta zake, na shule nzima ilisimama juani. Baba wa binti alikuja na shati lake la Jumapili. Alikuwa ameegesha toleka yake kando na kuifuta vumbi, kama vile nayo imealikwa. Sikuwa nimepata ujasiri wa kumwambia chochote. Binti pia hakujua, kwa kuwa tangu fundi aanze kazi ya watu, sanamu ilikuwa imefungwa kwa turubai.

Turubai ikavutwa. Sauti ikatoka upande wa waendesha toleka.

"Eh! Stendi iko chini!"

Sijawahi kusikia mji ukicheka namna ile. Wamama wa soko walishikana mabega. Mpiga tarumbeta alishindwa kumaliza wimbo. Mbele yetu mtu mmoja alikuwa akikanyaga pedali kwa nguvu zake zote, jasho likimtoka, na nyuma yake mkubwa mmoja mnene, amestarehe, mikono kifuani, na baiskeli imeegeshwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwenyekiti alipunga mikono yote miwili, akidhani ni furaha, na kusema kweli furaha ilikuwepo.

Baba wa binti naye alicheka, lakini kidogo. Alitazama juu kwa muda, akamwekea mwanawe mkono kichwani.

"Kumbe hata mu siment," alisema, "ni miye tu nabeba."

Binti hakucheka. Hakumtazama mwenyekiti wala fundi, alinitazama mimi, mwalimu aliyemwambia kwamba kitajengwa kile alichochora. Hasira niliyokuwa nimemwekea mwenyekiti, nikisubiri kichekesho cha stendi, ilinigeukia mwenyewe, na nilirudi nyumbani bila kula.

Baada ya hapo sanamu ikawa mashuhuri. Kila jioni vijana walikwenda kupigwa picha wakiwa wamejifanya wanasukuma kwa nyuma. Wenye pikipiki walipunguza mwendo na kupiga kelele, "Patron, tunafika saa ngapi?" Mtu akichelewa kulipwa mshahara, wenzake walimwambia yuko kwenye toleka ya rond-point. Mwenyekiti alisikia tu kwamba watu wanaipenda, na siku moja akaja darasani kwetu na katoni ya biskuti kuwashukuru wabunifu.

"Batu banapenda, Madame," alisema mbele ya watoto. "Banacheka na roho yote. Mimi mwenyewe nashangaa."

Ningeweza kupokea biskuti. Mume wangu alisema baadaye kwamba mtu mwenye akili angepokea biskuti.

"Monsieur le président," nilimwambia mwenyekiti, "banacheka sababu stendi iko chini. Mudogo anachoka, mukubwa anakaa, na habaendi popote. Ndiyo maana banacheka."

Alinitazama. Watoto walinitazama. Nzi mmoja alikuwa akitembea juu ya katoni.

"Na ile sura?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni yako."

Nilidhani nitafurahi, na nilifurahi kwa kiasi cha pumzi moja. Kisha nikaona shingo yake imelowa jasho ndani ya ile suti, nikamwonea huruma, jambo lililoniudhi zaidi. Aliacha biskuti mezani akatoka bila kuaga.

Kesho yake zikaja habari kwamba ameamuru sanamu yote ivunjwe. Hapo nilishikwa na woga wa kweli. Ubaya wa kwanza ulikuwa kumgeuza baba wa mtoto, na sasa kwa mdomo wangu nilikuwa nimemwondolea mtoto hata baiskeli. Nilikimbia mpaka kwenye mzunguko na chaki bado mkononi. Nilimkuta fundi amekaa chini anapumua, nyundo kando yake. Alikuwa amepiga gurudumu tangu asubuhi na kilichovunjika ni mpini.

"Nimeweka nondo mingi," alilalamika, kama mtu anayejisema mwenyewe. "Ile haitoki. Ni mukubwa tu hana nondo."

Ikabidi mwenyekiti akubali kinachowezekana. Kikao kilitangaza kwamba kamati, baada ya tafakari, imerudi karibu na wazo la mtoto. Mtu wa heshima aliteremshwa kwa kamba siku ya soko, amelala chali, na wamama wakamsindikiza kwa nyimbo za matanga mpaka kwenye uwanja wa fundi, ambako amewekwa kati ya malaika. Mikono yake, kwa bahati nzuri, ilikuwa tayari imekunjwa. Juu ya baiskeli alibaki mwendeshaji peke yake, anakanyaga, stendi chini, na nyuma yake kiti kitupu.

Juma lile nilitoka shuleni mchana, jua likiwa kali, na binti alikuwa njia moja nami. Alikuwa bado hajanisamehe, alitembea hatua chache nyuma yangu, ananijibu ndiyo na hapana. Tulipokaribia mzunguko niliiona toleka ya kweli, ya baba yake, imeegeshwa pembeni ya ile ya saruji. Mwenyewe hakuwepo juu yake.

Alikuwa amepanda ile ya saruji. Baba yake alikaa kwenye kiti cha abiria, kilichobaki na kovu mahali mkubwa alipong'olewa, viatu amevivua, miguu inaning'inia. Paji la uso alikuwa ameliegemeza kwenye mgongo wa yule mtu wa saruji, na alikuwa amelala kabisa. Pikipiki zilimzunguka na hakuna aliyempigia honi.

Nikafungua mdomo kumwita, kwa furaha tu, unajua ugonjwa wangu. Binti akanishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu siku ya uzinduzi.

"Acha, Madame," alisema. "Hajafika bado."