Sauti Mbili za Mama

Juzi mjukuu wangu alijirekodi kwenye simu, akaimba tena juu ya sauti yake mwenyewe, nami nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Kalemie.

Papa, karani wa reli, alikuwa ameazima manyetofone ya pili, mashine ya kurekodi sauti kama ile yetu. Alitundika mablanketi madirishani, mimi akanituma uani kufukuza kuku wasiharibu kazi. Niliporudi, chumba kilinuka mikebuka mikavu, wale samaki wa ziwani, na vumbi lililopata joto. Wanawake wawili walikuwa wakiimba, lakini Mama alikaa amefunga mdomo. Nikachungulia nyuma ya pazia.

“Mama, huyu mwingine ni nani?”

“Njo mimi mwenyewe,” alisema. Kisha akasikiliza tena, polepole. “Hapana. Ni mama yako mdogo.”

Nilijua mama mdogo, pacha wake, yuko Mpala, ng’ambo ya maji. Nikakimbia mlangoni kutafuta viatu vyake, nikidhani amefika kwa mtumbwi. Sikujua bado kwamba alizikwa huko kabla sijazaliwa.

Papa alimtazama Mama, akanyoosha mkono azime mashine. Mama akaushika.

“Acha kwanza, Papa,” alisema. “Hatujamaliza wimbo.”